Moki Inayosema Ndiyo kwa Kila Kitu

ZUHURA: Karibuni. Leo tunazungumza kutoka Lamu kuhusu kuandika majaribio ya msimbo usiotenganishika kirahisi na vitu vya nje. Mfano wetu ni programu ya kuuza tiketi za boti za Mokowe, gati la bara. Kuna funksheni moja, `kata_tiketi`. Inatazama saa, inatuma ombi la M-Pesa kwenye simu ya abiria, halafu inaandika kwenye hifadhidata. Kaka Swaleh, utaijaribuje?

SWALEH: Ukiijaribu ilivyo, kila jaribio litataka mtandao, na simu ya mtu itaulizwa PIN. Kwa hiyo penye malipo tunaweka moki: kitu kinachoitika badala ya kile cha kweli, kinarudisha jibu ulilokipangia, na kinakumbuka kiliitwa mara ngapi na kwa vigezo gani. Kwenye Python husakinishi chochote, `unittest.mock` imo ndani tangu toleo la 3.3.

ZUHURA: Na wengi hukwama papo hapo. Wameshaweka `patch`, ile zana ya kubandika moki mahali pa kitu halisi, na bado ombi la kweli limekwenda.

SWALEH: Wamebandika pasipo pake. Tuseme `tiketi.py` ina mstari `from malipo import tuma_ombi`. Mstari huo ukishasomwa, moduli ya `tiketi` ina jina lake yenyewe, na linaelekea kwenye funksheni halisi. Ukibandika `malipo.tuma_ombi`, jina lile halikuguswa. Bandika `tiketi.tuma_ombi`.

ZUHURA: Ila kama faili imeandika `import malipo` na kuita `malipo.tuma_ombi()`, bandiko la kwanza linafanya kazi.

SWALEH: Naam. Unafuata jina pale linapotumika. Sasa kuna balaa jingine, na hili mimi naliona baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. MagicMock tupu, yaani moki ya `unittest.mock` isiyopangiwa kitu, hukubali lolote. Kosea jina la methodi, itakuundia. Andika `if jibu.imelipwa:` bila kupanga thamani, na moki itahesabiwa kuwa kweli. Hata `int()` ukiiita juu yake inakupa 1.

ZUHURA: Abiria hajalipa, jaribio la kijani, yaani limepita.

SWALEH: Ndiyo maana uweke `autospec=True` kwenye `patch`. Hapo moki inafuata umbo la kitu halisi: vigezo vikipungua unapata hitilafu ya TypeError, na methodi isiyokuwapo inakupa AttributeError. Lakini haioni sifa zinazozaliwa ndani ya `__init__`, methodi inayoanzisha kitu, na haijui jibu linapaswa kuwa na nini ndani. Hilo ni juu yako.

ZUHURA: Tuje kwenye mtandao kukatika, maana hapo ndipo moki inapolipa gharama yake. Huwezi kuiomba seva ya watu ikwame kwa wakati unaoutaka wewe.

SWALEH: Unatumia `side_effect`. Ukiipa hitilafu, inairusha. Ukiipa orodha, kila mwito unachukua kimoja kwa zamu, na orodha ikiisha unapata StopIteration. Angalia aina ya hitilafu, dada: msimbo unaonasa `requests.exceptions.Timeout` hautanasa TimeoutError ya Python yenyewe.

ZUHURA: Na unahakikisha nini baadaye?

SWALEH: Kwamba `tuma_ombi` imeitwa mara moja tu, kwa `assert_called_once`, kisha `uliza_hali`, funksheni ya kuuliza kama malipo yamepita, ikaitwa. Jibu kuchelewa si ushahidi kwamba abiria hakulipa. Ukituma ombi la pili kabla ya kuuliza, unaweza kumtoza mara mbili.

ZUHURA: Saa je? `datetime.now` inakataa kubandikwa.

SWALEH: Itakataa kwa TypeError, kwa kuwa `datetime` ni aina iliyojengwa ndani ya Python. Mimi siihangaikii: funksheni ipokee `saa` kama kigezo, na jaribio lipitishe saa iliyoganda. Igandishe saa 7:30 usiku ya Lamu, yaani 01:30. Seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa, wakati huo iko 22:30 ya jana, na tiketi itabeba tarehe ya jana.

ZUHURA: Hifadhidata?

SWALEH: Tumia SQLite, hifadhidata ndogo, ya kwenye kumbukumbu: `:memory:`. Ukiweka moki kwa kila sentensi ya SQL utakuwa unajaribu mwandiko wako tu. Na hesabu ya nauli iache ilivyo, haihitaji moki.

ZUHURA: Majibu ya M-Pesa yenyewe tuyatunge?

SWALEH: La. Ita mazingira ya majaribio ya Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hifadhi JSON iliyorudi, na moki irudishe hiyo. Chukua la kufaulu na la 1032, abiria alipoghairi. Kwenye taarifa inayoletwa baada ya malipo, `ResultCode` ni namba, 0. Ukiuliza hali mwenyewe, inakuja kama maandishi, "0". Anayetunga kichwani huandika namba kote, na `== 0` inapita kwenye jaribio.

ZUHURA: Na kule gatini?

SWALEH: Pesa imekatwa, tiketi hakuna.