Madumu mawili, baraza na mkeka: kupunguza mwili bila kupoteza nguvu

Asalaam alaykum, karibuni barazani. Leo tupo Chake Chake, Pemba, na video hii ni ya yule anayetaka kupunguza mwili lakini hajawahi kufanya mazoezi ya nguvu. Jimu si lazima. Tafuta madumu mawili ya lita 5 yenye vifuniko vinavyokaza, mkeka, na futi ya fundi cherahani. Baraza ya nyumba ndiyo benchi letu.

Kwanza hili. Mwenye presha, sukari au maradhi ya moyo, mjamzito, na aliyejifungua karibuni, amuone daktari kabla ya kuanza. Anayetumia insulini namsisitizia zaidi: ukila kidogo na ukafanya mazoezi mengi, dozi ile ile uliyoizoea inaweza kukushusha sukari ghafla.

Haya, hatua ya kwanza ni kupima. Asubuhi kabla hujala, zungusha futi kiunoni usawa wa kitovu, toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani. Andika. Kama una mizani, andika na kilo. Nataka namba zote mbili kwa sababu wiki za mwanzo mizani inaweza kugoma, hata kupanda kidogo. Misuli iliyopewa kazi mpya hushika maji inapojitengeneza, na huweka akiba ya wanga ambayo nayo hukaa na maji. Hayo si mafuta. Wengi wanaacha hapa, wakisema mazoezi yamewanenepesha, na inaniuma kwa sababu mara nyingi kiuno chao kimeshaanza kupungua na hawajakipima.

Kukimbia na kutembea endelea nako, ni kuzuri kwa moyo. Lakini ukipunguza chakula na kukimbia peke yake, sehemu ya kilo zinazotoka huwa ni misuli. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki, juu ya zile dakika 150 za kutembea kwa kasi. Vikundi vyetu vya mazoezi, hata vile tunavyoviona kila tarehe 1 Januari kwenye Siku ya Mazoezi, vina mbio na viungo vya kutosha. Kunyanyua ndiko kulikopungua, hasa kwa kina mama.

Sasa tazama. Skwati. Mpe baraza mgongo, miguu upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo. Rudisha makalio nyuma, shuka taratibu mpaka uiguse baraza, usijibwage, kisha inuka kwa kusukuma chini kwa unyayo mzima. Niangalie goti: linafuata vidole vya mguu, haliingii ndani. Kama baraza yako ni fupi, weka mto juu yake. Dada zangu mliovaa dera, lifungeni juu ya kifundo msije mkakanyaga pindo.

Zoezi la pili ndilo linalokosewa zaidi, kwa hiyo tutakaa nalo. Ni kuinama kwa nyonga. Shika madumu mawili, kila mkono moja, yawe na maji nusu tu. Kunja magoti kidogo, halafu peleka makalio nyuma kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio kwa sababu mikono imeshika sinia. Madumu yanateleza karibu na mapaja mpaka chini ya magoti. Mgongo umenyooka. Utasikia nyuma ya mapaja panavutika. Ukisikia kiuno ndicho kinachovuta, umeinama kwa mgongo. Rudi juu, anza upya bila madumu, mtu akutazame kwa pembeni. Ukishalijua hili utachota maji na kuinua gunia ukiwa na kiuno salama, na kwangu mimi hilo peke yake linatosha kulifanya.

Pushapu tunafanyia barazani, si chini. Mikono kwenye ukingo, mwili ubao mmoja kutoka kichwani mpaka kisiginoni, kifua kishuke karibu na ukingo, sukuma. Ikiwa nzito, tumia ukuta.

Kisha kuvuta: mkono mmoja uegemee baraza, mwengine uvute dumu kuelekea nyonga, kiwiko kikipita karibu na mbavu. Badili. Malizia kwa kushika madumu yote mawili na kutembea uwani hatua 40, mabega nyuma, bila kuyumba.

Pumzi: toa unaposukuma au kuinuka, vuta unaposhuka. Usiibane, kubana pumzi kunapandisha presha.

Kila zoezi mara 8 mpaka 12 mfululizo, hiyo ndiyo seti moja. Fanya seti 2 kwa wiki mbili za mwanzo, kisha seti 3. Pumzika dakika moja na nusu au mbili baina ya seti. Simama ukihisi zimebaki mara mbili tu uwezo uishe. Fanya Jumamosi, Jumatatu na Jumatano, baada ya alfajiri au jua likishapoa baada ya alasiri. Misuli inahitaji siku ya kupumzika katikati. Mwili utauma siku ya pili na ya tatu, hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla kwenye goti, bega au kiuno si kawaida: acha. Mwezi wa Ramadhani fanya saa moja au mbili baada ya futari, na punguza seti.

Tuje jikoni, maana mafuta yanapungulia huku. Usijinyime ukala mlo mmoja. Lengo ni kupungua nusu ya asilimia hadi asilimia 1 ya uzito wako kwa wiki. Mwenye kilo 80 ni gramu 400 hadi 800. Ukikimbilia zaidi ya hapo, misuli inaondoka pamoja na mafuta.

Anza na chai. Kijiko kimoja cha sukari kina gramu 4, kalori 16. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni karibu kalori 190 ambazo hazijakushibisha. Shuka kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Halafu mafuta: kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120, kwa hiyo maandazi, kachori na samaki wa kukaanga vinabeba zaidi ya vinavyoonekana. Samaki mpike mchuzi au mpake uchome. Wali wa nazi sikuambii uache. Tumia tui jepesi, kasimele iweke siku ya wageni, na pakua kikombe kimoja badala ya kujaza sahani.

Nafasi iliyobaki kwenye sahani ijaze kitoweo. Anayepunguza huku akinyanyua anafaa kupata protini gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 80 ni karibu gramu 100 hadi 130. Hapa Pemba tumejaaliwa: kipande cha jodari cha ukubwa wa kiganja kina karibu gramu 25, yai moja gramu 6, kikombe cha choroko au maharage yaliyopikwa karibu 15. Dagaa na pweza nao wamo. Igawe kwa milo yote, asubuhi pia. Boflo na chai peke yake haifai kwa siku ya mazoezi.

Majani ya kuharisha na kujifunga nailoni tumboni achaneni navyo. Kinachotoka ni maji, na ukinywa yanarudi.

Ukifika mara 12 kwa seti 3, siku mbili za mazoezi zikifuatana, ongeza nusu lita kwenye kila dumu. Dumu likijaa maji ni kilo 5. Likijaa mchanga mkavu uliobaki kwenye ujenzi ni karibu kilo 8. Andika kila unachoongeza.

Kiuno pima kila baada ya wiki mbili, asubuhi, pale pale. Kisiposogea kwa wiki nne, usiguse kitoweo wala usiongeze siku za mazoezi. Punguza robo ya wali, muhogo au mkate wa mlo wa usiku, angalia tena mafuta ya kikaango, kisha upime baada ya wiki mbili.