Pipi ya Huruma: Mazungumzo na Wazazi na Walimu wa Kitengo Maalumu

Shikamooni wakubwa, na wadogo shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Mwalimu mkuu kanipa mimi daktari wa meno dakika 40 niongee nanyi habari ya meno ya watoto wenye ulemavu wa akili, nikamwambia mwalimu mimi nikipewa 40 natumia 60, wanaonijua wanajua, kwaiyo mwenye maharage jikoni apige simu nyumbani mapema waangalie moto. Na wale mliowahi kunisikia mnisamehe, hadithi ya pipi mtaisikia tena, na nitairudia mpaka siku nitakayoingia kitengo maalumu chochote nchi hii nisikute mtoto ana kitu kinanata mdomoni.

Leo nimefika hapa saa mbili na nusu asubuhi. Pale getini kuna kijana wenu mmoja mrefu, kanisalimia kwa kunishika mkono na hakuniachia mpaka ofisini. Kutoka getini mpaka ofisini ni kama mita mia hivi, hazizidi. Katika hizo mita mia kapewa pipi tatu. Mlinzi kampa moja, mama wa maandazi kampa moja, na ya tatu kapewa na mwalimu, simtaji, anajijua, yule pale anacheka, kampa ili aniachie mkono. Mita mia, pipi tatu, na saa tatu haijafika!

Sasa niwaulize, mtoto wa darasa la tano angepita njia ileile asubuhi ileile angepewa ngapi? Angeambiwa "we, nenda darasani". Si ndio? Hii mimi naiita pipi ya huruma. Tukimwona mtu mwenye ulemavu wa akili roho inatuuma, hatujui tuongee naye nini, mkono unakwenda mfukoni. Mangi anampa, konda anampa, shangazi akija kutoka mkoani anashuka na pakiti nzima, na bibi ndo usiseme kabisa. Nyumbani mama kachoka, nguo hazijafuliwa, mtoto analia toka asubuhi, kipande cha kashata kinaleta amani ya nusu saa. Hapo simlaumu mtu, na mimi ni mzazi, naijua thamani ya nusu saa.

Najua kuna mtu anajisemea moyoni, daktari, kwani wengine hawali pipi? Wanakula sana tu. Ila huyo mwingine akimaliza ulimi wake unazunguka unasafisha, jioni anapiga mswaki angalau kwa kulazimishwa, na jino likianza kuuma nyumba nzima inajua. Huyu wetu ulimi unaweza ukawa hauna nguvu ya kusukuma mabaki, kuna anayeweka tonge shavuni kama akiba na ukimwangalia baada ya saa nzima bado lipo palepale, mkono haushiki mswaki ukatulia, na akiumwa hana neno la kusemea. Kwaiyo pipi moja kwa huyu na pipi moja kwa yule si hesabu moja.

Haya, hadithi yenyewe. Hivi mnajua ilijulikanaje kwamba pipi inatoboa meno? Mama pale anasema vitabuni. Sawa mama, na vitabu vilitoa wapi?

Uswidi, miaka ya 1930, meno ya watu yalikuwa hoi. Mwaka 1938 serikali yao ikaanzisha huduma ya meno ya umma, alafu ikajikuta madaktari hawatoshi na swali lenyewe halina jibu, meno yanaozeshwa na nini hasa, ni lishe duni kwa ujumla au ni sukari? Ili ujue lazima uwe na watu wengi wanaokula unachowapa wewe, kila siku, miaka kadhaa, na hawaondoki. Watu wa namna hiyo unawapata wapi? Wakawapata. Nje ya mji wa Lund kulikuwa na taasisi inaitwa Vipeholm, ilifunguliwa 1935, wanakaa humo watu wenye ulemavu mkubwa wa akili, wale ambao kwenye makaratasi ya wakati ule waliandikwa kwamba hawafundishiki. Mwaka 1945 utafiti ukaanza, kwanza mambo ya vitamini, 1947 wakaingia kwenye sukari yenyewe. Wakawagawa makundi. Kuna waliopewa sukari pamoja na chakula, kuna waliopewa mkate mtamu, kuna wa chokoleti, na kuna kundi lililopewa tofi 24 kwa siku, katikati ya milo. Na hiyo tofi haikuwa ya dukani, ilitengenezwa makusudi iwe inanata, ikae kwenye jino isitoke upesi. Wenye viwanda vya sukari na pipi nao walichangia fedha. Wale watu hawakuulizwa, na ndugu zao hawakuulizwa.

Majibu yakachapishwa 1954, watu 436 waliofuatiliwa miaka mitano. Sukari ukila pamoja na chakula madhara yake ni madogo. Sukari ileile ukiila katikati ya milo, na iwe ya kunata, meno yanatoboka mbio. Wakiacha, kasi inashuka. Basi, hilo ndo jibu, na mpaka leo sisi watu wa meno tunatembea nalo. Bakteria mdomoni wanakula sukari wanatoa tindikali, mate yanaiosha pole pole kama nusu saa hivi, ukila pipi nyingine kabla mate hayajamaliza kazi umeanza upya. Ndo maana siwaulizi watoto wamekula sukari kiasi gani, nawauliza wamekula mara ngapi.

Waswidi wakashauriwa watoto wapewe pipi siku moja tu kwa wiki, na mpaka leo kule wana desturi ya pipi za Jumamosi, watoto wao wakakua na meno mazuri. Na wale wa Vipeholm, baadhi yao mdomoni palishaharibika. Mnaona kinachoniuma? Somo lilitoka kwenye vinywa vya watu wenye ulemavu wa akili, likaifaidisha dunia nzima, na leo nikiingia darasa lenye hao hao nakuta ndo wanaopewa pipi kuliko wote! Wale walikuwa na tofi 24 kwa siku, kijana wenu ana tatu kwa mita mia, tena nyie hamna hata ripoti mtakayoandika.

Dada yule kasema nini? Ah, ubuyu. Anasema sisi hatuli tofi, tunakula vya asili. Dada yangu, ukitaka tofi ya Vipeholm kwa hapa Dar, ubuyu ndo wenyewe. Kokwa limepakwa sukari na rangi, hulitafuni, unalizungusha mdomoni, unalifyonza mpaka libaki jeupe, alafu unachukua jingine, na pakiti ina kokwa ngapi? Na ubuyu wenyewe ni mchachu, una tindikali yake hata bila sukari. Asali nayo msiniambie ni ya asili, bakteria hawasomi lebo. Na chai ya vijiko vinne inayonywewa funda moja moja kuanzia asubuhi mpaka saa sita, hiyo ni tofi ya maji.

Sisemi mtoto asionje kitamu maisha yake yote, msinisingizie. Mpe pamoja na chakula cha mchana, akimaliza anywe maji, imeisha. Na ukitaka kumpongeza darasani mpe stika, mpe makofi, mpe kazi ya kugonga kengele, watoto hawa wanapenda kugonga kengele kuliko pipi, jaribuni muone.

Sasa sikilizeni ya kijana mmoja, ana miaka 19, haongei. Alianza kujipiga shavu la kulia. Ngumi hasa, mpaka shavu likavimba. Kituo walichompeleka kwanza wakasema ni fujo za ugonjwa wake, wakamwandikia dawa ya kumtuliza, akawa analala mchana kutwa na akiamka anajipiga. Nyumbani wakasema ndivyo alivyo, shuleni wakasema ndivyo alivyo. Hayo maneno mawili, ndivyo alivyo, yameozesha meno kuliko soda. Miezi minne. Mama yake akaja kwangu kwa habari ya jino lake yeye mwenyewe, kaja naye kwa sababu hana wa kumwachia, mimi namwangalia kijana tu vile anavyojipiga, kila mara palepale, hakosei hata kidogo. Kiti alikikataa, tukakaa chini sakafuni, mama kamshika kichwa kwa mapaja, nikawasha tochi ya simu. Gego la chini kulia limebaki ganda la nje tu, katikati shimo, ndani ya shimo kuna ganda la karanga limekaa kama limepangwa, na fizi pembeni ina kijipu cha usaha. Tukapanga, tukamng'oa. Siku ya tatu mama yake akanipigia simu, kwanza hakuongea, alafu akasema kalala usiku kucha na leo hajajipiga.

Miezi minne mtoto wa watu anatuonesha panapouma, sisi tunaandika "fujo".

Kwaiyo akibadilika ghafla, kabla hujasema ndivyo alivyo, angalia mdomoni. Anakataa ugali anataka uji tu, anatafuna upande mmoja, anashika sikio, mate yamezidi, anauma kola ya shati, halali, mdomo unanuka tofauti na siku zote. Washa tochi uangalie. Ni bure.

Naona mwalimu mkuu anaangalia saa. Nakimbia.

Wenye watoto wa kifafa, dawa nyingi za maji zina sukari, muulizeni mfamasia kama kuna vidonge, kama hakuna mpe pamoja na chakula kisha maji, asipewe alale nayo mdomoni. Na fenitoini, moja ya dawa za kifafa, inaweza kuvimbisha fizi mpaka zikafunika meno, lakini atakayetoka hapa akaacha dawa ya kifafa kwa sababu yangu nitamlaani, dawa haiachwi, rudi kwa daktari wake mzungumze, na mswaki uongezwe bidii.

Wenye watoto wa Down, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha akili, msishangae meno kuchelewa kuota au mengine kutoota kabisa, ndo kawaida yao. Kwao shida kubwa ni fizi, zinaachia meno mapema hata kama hayajatoboka. Na karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, kwaiyo mwambie mtu wa meno HABARI YA MOYO kabla hajagusa kitu, asipouliza sema wewe.

Hapa nilitaka niongee sana. Wengi mnaambiwa "huyu hatatulia, tung'oe tu". Kuziba jino bila mashine, bila umeme, bila ule mlio, kwa vifaa vya mkono vidogo kama kijiko, hiyo mbinu ilianzia hapa hapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken ndo aliyeianzisha, leo inatumika duniani kote, alafu mtoto wa usonji anayekimbia mlio wa mashine huku kwetu anang'olewa! Unaweza kumziba akiwa amekaa kwenye mkeka. Na ipo dawa ya majimaji yenye fedha na floridi, inapakwa kwa brashi kidogo kwenye tundu, uozo unasimama. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Ubaya wake palipooza panageuka peusi, kuna wazazi hawataki kusikia, mimi nawaambia jeusi lisilouma au jeupe la kwenye kopo langu la takataka, chagueni. Ulizeni hospitali, mkiambiwa haipo ulizeni itakuja lini.

Habari ya Special Olympics, ile michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, naiacha, nilitaka kuwaambia tu tangu 1993 kule Marekani daktari wa meno Steven Perlman alianza kuwakagua wachezaji meno uwanjani kwenye michezo, manake unaweza kukuta mtu ana medali shingoni na jino bovu alilokimbia nalo. Siku nyingine.

Baba wa Arusha naona mkono, najua unataka kusema nini, floridi, ile madini iliyomo kwenye dawa ya meno. Yale meno ya kahawia ya kwenu yanatokana na floridi nyingi kwenye maji ya kunywa toka utotoni wakati meno yanajitengeneza, na magadi ya kwenye mboga. Dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya njegere haikufikishi huko, na kwa mtoto asiyeweza kutema weka ya kupaka tu, iwe kama punje ya mchele. Anayeweza kutema, akimaliza ateme, asisuuze.

Sasa tufanye, manake kuongea tu hakusafishi jino. Mswaki wa mtoto asiyeshika vizuri nimeuzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, umekuwa mnene, unashikika, fundi baiskeli anakupa bure. Ukimpigisha wewe usisimame mbele yake kama askari, simama nyuma, kichwa chake kilale kifuani kwako, kioo mbele mkiangalia wote wawili. Unamwambia unachofanya, unamwonesha kwenye kidole chake, ndipo unaingia mdomoni. Anza na meno mawili leo. Akikataa, mawili hayohayo kesho. Akiuma mswaki mwache aume, usivute, pitisha mwingine upande wa pili, ndo maana nimekuja na miwili.

Mama wa gauni la kijani, njoo na binti yako, kaa hapa. Kijana wangu wa getini na wewe njoo, utafuata, nimekuhesabia tatu. Na wewe mwalimu wa pipi ya tatu, acha kucheka, njoo unishikie kioo.