Mkia wa Kipanga Hauna Gundi

Nitaanza na mkia tena. Wanaonijua wameshaanza kucheka; wacheke.

Huyu ndege hapa mezani ni Otaka Poppo, kipanga wa kuchongwa kutoka Sasano, pale Yonezawa, mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani. Kila nikimtoa kwenye mfuko swali ni lile lile: manyoya haya yamebandikwa kwa gundi gani?

Jamani, hakuna gundi! Ni kipande kimoja cha mti, mdomo mpaka mkia. Mchongaji ana kisu kikubwa kiitwacho sarukiri. Anakipitisha taratibu, mti unanyoleka mwembamba kama karatasi, unajikunja wenyewe kuelekea juu, na hapo hapo, kabla haujakatika, mkono unasimama. Akizidisha kidogo tu, unyoya umedondoka, umekuwa maranda ya kuwashia jiko. Akiupata, ananyoa mwingine, na mwingine. Msasa haumo, wala hakuna pa kufichia kosa.

Najua kuna anayesema moyoni, "Hata mafundi wetu wa mpingo wangeweza." Jaribuni, niitwe nije nitazame! Mpingo hauna subira ya kukunjwa; utakatika tu. Wenzetu wanatumia koshiabura, mti mweupe, laini, unaokubali kupinda. Tunamsifu fundi, tunausahau mti, na mti ndio ulioruhusu mkia wa namna hii.

Halafu wanakuja wasomi: kazi hii ilishamiri karne ya 18, bwana wa Yonezawa, Uesugi Yozan, alipowahimiza wakulima waifanye majira ya baridi ili wapate kipato, kwa hiyo eti ni biashara tu, si sanaa. Sasa mkulima ambaye shamba lake limefukiwa na theluji miezi kadhaa ale nini? Sifa?

Naonyeshwa saa. Basi yule ndege mwingine, uso, nampitia mbio. Si uso huu wa kunawa! Kwa Kijapani uso ni ndege mdogo, na pia ni uongo. Hekalu la Kameido Tenjin, Tokyo, tarehe 24 na 25 Januari, watu hurudisha uso wa mbao wa mwaka jana na kuchukua mpya, ili mabaya yaliyopita yageuke kuwa uongo. Ana habari ndefu, ila leo mkia umekula muda wake.

Haya, mpitisheni kipanga. Mshikeni kifuani. Kifuani, bwana mdogo, si mkiani!