Pua Inayomiminika: Mazungumzo na Wakazi wa Ngamiani, Tanga

Wazee wangu, mama zangu, asalaam aleikum, na habari za jioni.

Nianzie duka la dawa, maana ndiko wengi wetu tunakokimbilia. Mtu anafika, kamasi linamchuruzika, anasema: "Nipe amoksilini, nusu dozi yatosha." Nusu dozi ni kosa, na amoksilini yenyewe ni kosa jingine. Mafua huletwa na virusi, na vinavyojulikana vimepita aina 200. Amoksilini huua bakteria. Virusi havina habari nayo. Mafua ya kawaida huisha yenyewe kwa siku 7 hadi 10, umeze usimeze.

"Lakini daktari, kamasi limekuwa la kijani!" Ndivyo linavyokuwa. Rangi ile hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana. Peke yake si ushahidi wa bakteria.

Wapo wenye makamasi bila mafua. Muulizeni anayefanya kazi chumba cha brashi kwenye kiwanda cha mkonge, singa zinaposuguliwa na vumbi limetanda. Chafya mfululizo, macho yanawasha, kamasi jepesi kama maji, homa hana. Akipumzika anapata nafuu. Akirudi kazini, yale yale. Huo ni mzio. Kwanza ajikinge na vumbi kwa barakoa inayobana vizuri, halafu ndiyo tuzungumze setirizini, dawa ya kutuliza mzio. Piritoni nayo inasaidia, ila inaleta usingizi, kwa hiyo vijana wa bodaboda, msiimeze mkapanda pikipiki.

Sasa yale matone ya kuzibua pua. Watu wanayapenda mno! Hubana mishipa ya damu ndani ya pua, hewa ikapita. Ukiyatumia zaidi ya siku 5, kila yanapoisha nguvu mishipa inavimba upya, pua inaziba kuliko mwanzo, nawe unatia tena. Wapo wanaolala na kichupa chini ya mto miezi na miezi, wakidhani wana ugonjwa sugu, kumbe ugonjwa ni kichupa.

Mimi napendelea maji ya chumvi. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa, katika kikombe cha robo lita koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi, usafishe pua. Maji ya bomba yasiyochemshwa usiyatie puani. Na kujifukiza? Mtu mzima akipenda, sawa. Mtoto msimfunike shuka juu ya sufuria ya maji moto, wanaungua.

Mtoto akitoka uchafu pua moja tu, tena unanuka, mara nyingi kaingiza kitu: shanga, punje ya mahindi. Usichokonoe, utakisukuma ndani. Mpeleke hospitali.

Na aliyeanguka na pikipiki akaumia kichwa, kisha maji maangavu yakawa yanadondoka puani, hayo huenda ni maji ya kwenye ubongo. Asipenge, asizibe pua kwa pamba. Hospitali ya Bombo, usiku huo huo.