Kabla ya Mwekezaji

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Ukimuuliza mtu wa Tabora nani aliua reli, atakujibu: mwekezaji. Mwaka 2007 serikali iliikabidhi kampuni ya RITES ya India asilimia 51 ya TRL, kampuni ya reli ya Tanzania, mkataba wa miaka 25. Haikumaliza hata mitano. Vichwa na mabehewa vikakodiwa kutoka kwao India, mishahara ikachelewa, wafanyakazi wakagoma, na serikali iliyodhani imetua mzigo ikalazimika kuwalipa. Mwaka 2011 ikazirudisha hisa mikononi mwake.

Simtetei mwekezaji. Nauliza tu: alikabidhiwa nini?

Twendeni Kilosa. Mjerumani alipojenga reli ya kati, kuanzia Dar es Salaam 1905 hadi Kigoma 1914, aliipitisha bonde la Mkondoa. Mto ule ukifurika hauna adabu. Ndiyo maana juu huko kulikuwa na mabwawa, mfano la Kidete, ya kuyavunja maji nguvu kabla hayajafika relini. Sasa bwawa lina kazi: mchanga uzolewe, tuta lishindiliwe, kila mwaka. Kazi ya jembe na karai hiyo, na waziri hakati utepe kwenye karai. Kidete likajaa mchanga, likabomoka. Zikaja mvua za mwisho wa 2009, zikazoa njia kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama miezi.

Na breki? Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima mkoani Dodoma, ikarudi kinyumenyume, kasi ikizidi, hadi ikaigonga ya mizigo Msagali. Walikufa watu 281. Hapo mwekezaji hajafika bado. Ilikuwa TRC yetu wenyewe, Shirika la Reli, tuliyoiunda 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika.

Halafu tukaligawa shirika: njia kwa RAHCO, kampuni ya serikali ya kumiliki miundombinu ya reli, treni kwa TRL. Mvua ikibomoa daraja, huyu anamtazama yule. Ilitupasa kufika 2017 ndipo sheria iwarudishe chini ya TRC moja.

Treni ya umeme mnaisifu, nami naisifu; tangu 2024 inafika Dodoma, na pale Kilosa inapita kwenye mahandaki. Ila abiria wa Kigoma na Mpanda bado anapita kule chini, kando ya Mkondoa. Kwa hiyo swali langu kwa wakubwa waliokaa mstari wa mbele ni dogo: mwaka huu, Kidete, nani anazoa mchanga?