Sumu Inayovunwa Pamoja na Nafaka

Ndugu zangu, mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu waliokula unga wa lishe uliotolewa kama msaada walianza kuweweseka na kuchanganyikiwa. Wapatao 300 waliugua, watano wakafa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likasitisha ugawaji. Vipimo vikaonyesha atropini na skopolamini, sumu zilizomo kwenye mbegu za gugu liitwalo mnanaha.

Mnanaha ukikomaa shambani huvunwa na kupurwa pamoja na zao. Mbegu zake nyeusi zikiwa bado nzima, mwenye subira anaweza kuzichambua. Zikishasagwa, hakuna jicho litakaloziona, na gunia moja chafu huharibu shehena nzima. Msitegemee jiko pia: kuchemsha hakuiondoi sumu hii kwa uhakika.

Hata hivyo, mnanaha hujitangaza mapema. Mdomo hukauka, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, yote ndani ya saa chache. Yanayonitia hofu zaidi ni magugu yanayoua ini polepole. Katikati ya miaka ya 1970, magharibi mwa Afghanistan, ngano ilichanganyika na mbegu za magugu yaitwayo Heliotropium. Sumu yake huziba mishipa midogo ya ini, tumbo likajaa maji. Kati ya watu 7,200 waliopimwa, zaidi ya mmoja katika kila watano alikutwa na dalili za ini kudhoofika. Na angalieni kilichotangulia: ukame wa miaka miwili. Zao hudhoofika, magugu hustahimili, na mwenye njaa hana nafasi ya kukataa ngano aliyonayo. Ndiyo maana sikubali kabisa mkulima alaumiwe peke yake. Tigray, Ethiopia, nako ugonjwa wa ini ulihusishwa na nafaka iliyoingiliwa na magugu.

Kwa hiyo palizi ifanyike kabla magugu hayajatoa mbegu, kwani mbegu za mnanaha hukaa ardhini miongo kadhaa zikiwa hai. Wenye mashine za kusaga wakague punje kabla ya kuzimimina. Nanyi wahudumu wa afya, mkipokea watu wa nyumba moja, wakubwa kwa watoto, matumbo yamejaa maji, msiishie kuuliza kuhusu pombe na homa ya ini. Ulizeni wamekula nafaka gani miezi iliyopita, na ombeni kuliona gunia kabla halijaisha.