Ndege Kuukuu, Swali Jipya

(Mhadhara kwa wanafunzi wa urubani na ufundi wa ndege, Soroti)

Wanangu, hamjambo. Nikiwaambia mchore ndege ya majaribio, najua wengi mtachora X-15, ile roketi yenye mbawa iliyofikia takriban kilomita 7,270 kwa saa mwaka 1967. Haya, ni tamu. Lakini mimi ni fundi, na ninayoipenda ni F-8, ndege ya kivita ya wanamaji wa Marekani iliyofika mikononi mwa NASA, shirika la anga la Marekani, ikiwa imeshachakaa.

Boda boda mnazijua. Unazungusha mkono wa mafuta, waya unavuta kabureta. Ndege nazo zilikuwa hivyo hivyo: rubani anasukuma usukani, vyuma na nyaya vinavuta mpaka mkiani. Pale Edwards, kituo cha majaribio ya ndege huko California, mafundi wakaving'oa vyote. Badala yake wakafunga kompyuta ya Apollo, ya aina ile ile iliyoongoza vyombo vya mwezini. Tarehe 25 Mei 1972 rubani Gary Krier akapaa nayo. Kompyuta ikizima, palikuwa na mfumo mwingine wa umeme wa kumshusha. Waya wa kuvuta hakuwa nao hata mmoja.

Sasa tazameni ujanja wao. Bawa halikuguswa, injini haikuguswa, tabia za ndege zilijulikana zamani. Ikiyumba, mshukiwa ni mmoja. Ukifunga kompyuta mpya kwenye bawa jipya na injini mpya, kisha ikayumba, utamkamata nani?

Ndege hiyo haikustaafu mapema. Oktoba 1977 Enterprise, chombo cha majaribio cha mradi wa shuttle, vyombo vya angani vinavyorudi na kutua kama ndege, kiliyumba kikitua. Rubani anasahihisha, chombo kinachelewa kuitika, anasahihisha tena, sasa amezidisha. Ni kama simu inayochelewesha sauti: unasema "haloo", kimya, unasema tena, na mwenzako naye kaanza kujibu ile ya kwanza. Mwaka uliofuata F-8 ikacheleweshwa makusudi, sehemu ya kumi ya sekunde tu, nayo ikapanda na kushuka karibu na ardhi hadi waliokuwa wakitazama wakashika vichwa. Dawa ikapatikana: kichungi ndani ya programu ya shuttle, cha kupunguza nguvu ya masahihisho ya rubani anapoyarudia harakaharaka.

Ncha za mbawa zilizokunjwa juu zina hadithi fupi zaidi. Richard Whitcomb wa NASA alizipigia hesabu, kisha kuanzia 1979 zikajaribiwa kwenye KC-135, ndege ya kubeba mafuta, nayo ya zamani. Mafuta yakaokolewa kwa zaidi ya asilimia 6. Mkifika Entebbe, tazameni CRJ900 za Uganda Airlines, mtaziona. Na Airbus A330 zao zina yote mawili, ncha hizo na usukani wa kompyuta.

Na X-59, ndege mpya ya majaribio ya NASA? Iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Oktoba 2025. Imeundwa kupita mwendo wa sauti bila kile kishindo cha kutikisa madirisha. Pua yake ni ndefu hata rubani hana dirisha la mbele, anatazama kwa kamera na skrini. Siku ile ilikwenda polepole, chini ya mwendo wa sauti, magurudumu yakining'inia. Kuna waliosikitika. Mimi nilitabasamu: swali moja kwa wakati.

Haya, maswali tutaulizana hangarini. Kuna Cessna imefunguliwa mkia. Nataka kila mmoja aushike ule waya kwa mkono wake. Leteni tochi.